Karoti, rada au mtu wa kiti cha nyuma? Kisa cha rubani John Cunningham na mwenzake Rawnsley

#1 Kipanga_wa_Pwani

Wakuu, salaam.

Tangu utotoni tunaambiwa tule karoti ili tuone vizuri, hasa usiku. Kumbe maneno hayo yalipata nguvu kubwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ya rubani mmoja, John Cunningham. Huyu bwana alikuwa anaangusha ndege za Wajerumani usiku wa giza totoro. Magazeti yakampa jina la Macho ya Paka, wananchi wakaambiwa siri yake ni karoti. Alimaliza vita akiwa na ndege 20 mkononi, 19 kati ya hizo za usiku, na nishani ya DSO mara tatu na DFC mara mbili.

Mimi naamini macho yake yalikuwa ya ajabu kweli. Kuna watu wamezaliwa hivyo. Ila mjadala ninaouona huko nje hauishi: karoti, mitambo, au kipaji? Wajuzi karibuni.

#2 Fundi_Redio

Rada. Uzi umeisha.

#3 Chuma_cha_Reli

Fundi naye! Mtu kaandika aya mbili, wewe unafunga duka kwa neno moja. Shuka na maelezo basi mkuu, wengine tumeshavuta viti.

#4 Fundi_Redio

Haya, sogeeni.

Cunningham alikuwa kikosi namba 604, uwanja wa Middle Wallop, kusini mwa Uingereza. Ndege yake ilikuwa Bristol Beaufighter, injini mbili, mizinga minne ya milimita 20 tumboni. Ndani ilikuwa na rada iitwayo AI Mark IV, yenye mawimbi ya urefu wa mita 1.5. Rubani alikaa mbele. Nyuma, katikati ya mwili wa ndege, alikaa mtu wa pili mwenye vioo viwili vidogo. Kimoja kinamwambia adui yuko juu au chini, kingine kinamwambia yuko kushoto au kulia, na umbali anaupima hapo hapo. Hakuna picha ya ndege pale, msidanganyike. Ni mstari wa kijani unaotetemeka na kijialama kidogo pembeni. Huyo wa nyuma ndiye anayemwelekeza rubani kwa sauti tu: kata kushoto, panda kidogo, punguza mwendo.

Na rada yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. Mawimbi yalisambaa mpaka chini, yakigonga ardhi yanarudi na kufunika kioo chote. Ukiwa juu mita 4,500, chochote kilicho mbali zaidi ya mita 4,500 hivi kimemezwa na ardhi. Ukishuka chini, unazidi kuwa kipofu. Ni sawa na kuwasha tochi kwenye ukungu, mwanga wako mwenyewe unakurudia.

Upande wa karibu nao ulikuwa na mpaka. Ukimfikia adui kiasi cha mita 120 au zaidi kidogo, alama inapotea. Hapo lazima rubani awe ameshamwona kwa macho.

#5 Kipanga_wa_Pwani

Fundi, sentensi yako ya mwisho imenipa pointi. "Kwa macho." Asante.

#6 Nesi_wa_Ujiji

Habari zenu. Naongelea karoti tu, hiyo mitambo nawaachia.

Msiicheke karoti. Ndani ya jicho kuna seli zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu, na seli hizo hutumia kemikali inayotengenezwa kutokana na vitamini A. Ikipungua mwilini, dalili ya mwanzo kabisa ni mtu kutoona usiku. Mchana anatembea vizuri, jua likizama anapapasa ukuta. Nimewaona wajawazito wa namna hiyo, na watoto wanaoacha kucheza magharibi ikiingia kwa sababu wanagonga vitu. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.

Lakini kama mwili wako unayo ya kutosha, gunia zima la karoti halikuongezei kitu. Ziada inahifadhiwa kwenye ini, macho yanabaki yale yale. Cunningham alikuwa mwanajeshi anayelishwa vizuri, kwa hiyo sioni karoti imemsaidia nini. Kwetu Kigoma tuna mawese, ambayo yana utajiri huo huo, na sijasikia mvuvi wa dagaa aliyeacha kuwasha taa ziwani.

#7 Mzee_Makaratasi

Uzi mzuri. Naongeza jina ambalo mleta mada hakulitaja, nami naliona ndilo kiini cha habari yote: Jimmy Rawnsley.

Kabla ya vita, kikosi cha 604 kilikuwa cha wanajeshi wa akiba, watu wenye kazi zao wanaokuja kurusha ndege mwisho wa wiki. Cunningham alijiunga mwaka 1935, huku akijifunza kazi kiwandani kwa de Havilland. Rawnsley alikuwa mpiga bunduki wake wa nyuma kwenye ndege ya Hawker Demon, ile ya wazi, upepo wote unakupiga usoni. Beaufighter ilipoingia haikuwa na kiti cha mpiga bunduki. Wapiga bunduki wengi walibaki hawana kazi ndani ya ndege hiyo. Rawnsley akaamua kujifunza rada kuanzia chini. Mtu aliyezoea kutazama nje akajifungia kutazama vioo viwili usiku kucha.

Mafanikio makubwa ya Cunningham aliyapata akiwa na huyo nyuma yake. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Aprili 1941 waliangusha ndege tatu. Mwaka 1943 Cunningham alipopewa kuongoza kikosi cha 85 chenye ndege za Mosquito, Rawnsley alikwenda naye.

#8 Bahari_Hindi

Kwa hiyo zote 20 ni za wawili hawa?

#9 Mzee_Makaratasi

Hapana. Ya kwanza, ndege ya mabomu ya Wajerumani aina ya Junkers 88, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Novemba 1940, mtu wa rada alikuwa Phillipson. Rawnsley alikuja kwenye rada baadaye. Na kuhusu post #1, kichwa cha uzi kinawataja wawili halafu maelezo yote ni ya mmoja. Hivyo hivyo ndivyo magazeti ya wakati ule yalivyofanya.

#10 Dereva_wa_Usiku

Mimi naendesha lori, Dar kwenda Tunduma, safari nyingi ni za usiku. Niseme ninachokijua barabarani.

Kuona gizani kunafundishika. Ukitaka kuona kitu hafifu, mtu anayetembea pembeni au gari bovu lisilo na taa, usikikazie macho moja kwa moja. Tazama kidogo pembeni yake, kinajitokeza. Na ukimulikwa na basi lenye taa kali, dakika kadhaa zinazofuata wewe ni kipofu, hata uwe umekula shamba zima la karoti. Sasa rubani aliyefanya kazi hiyo kila usiku, kwa nini asiwe na macho yaliyozoea?

#11 Nesi_wa_Ujiji

Dereva uko sahihi kabisa. Katikati ya jicho kuna seli za mwanga mkali, zile za gizani zimejaa pembeni. Na jicho linahitaji nusu saa hivi kuzoea giza vizuri. Marubani wale walikuwa wanavaa miwani myeusi au kukaa kwenye mwanga mwekundu kabla ya kupaa, ili wasianze upya wakifika angani.

#12 Chuma_cha_Reli

Dereva, leo umefundisha darasa la macho bila chaki. Ila kwenye kona za Kitonga naomba utazame mbele, hayo ya pembeni tuachie abiria.

#13 Binti_Mzizima

Mimi swali langu ni nani aliyeitunga hii hadithi ya karoti na kwa faida ya nani? Nimesoma maelezo mawili na hayapatani.

Moja, Jeshi la Anga lilitaka kuficha rada. Wajerumani wakiuliza mbona tunaanguka ghafla usiku, wapate jibu la kijinga.

Mbili, ni njaa. Manowari za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, sukari imegawiwa kwa kadi, lakini karoti zinaota Uingereza kwenyewe. Wizara ya Chakula chini ya Lord Woolton ilitangaza karoti kwa kila njia, mpaka ikachora katuni ya Daktari Karoti. Watu walifundishwa kuweka karoti kwenye keki badala ya sukari. Na kwa kuwa miji ilikuwa inazimwa taa zote usiku ili ndege zisione, watu walikuwa wanagongwa na magari na kujikwaa. Ukimwambia mtu karoti itamsaidia kutembea gizani, atakula.

Mimi nipo na la pili. Serikali ilikuwa na karoti za kumaliza.

#14 Fundi_Redio

Nakuunga mkono, na nina sababu ya kiufundi. Wajerumani walikuwa na rada zao nzuri tangu mwanzo wa vita, Freya na Würzburg. Wahandisi wao wasingeamini karoti hata sekunde moja.

#15 Kamanda_Mstaafu

Subiri kidogo Fundi. Freya na Würzburg zilikuwa za ardhini, antena kubwa. Kujua kwamba rada ipo ni jambo moja. Kujua kwamba adui ameipunguza mpaka ikaingia kwenye pua ya ndege na inafanya kazi ni jambo lingine. Rada ya Wajerumani ya ndani ya ndege, Lichtenstein, ilianza kuenea vikosini mwaka 1942. Cunningham alishaangusha kwa rada mwaka 1940. Miaka hiyo miwili ndiyo siri yenyewe.

Na jeshini huhitaji adui aamini hadithi yako. Inatosha mwandishi wa habari aandike kitu kingine, asije akauliza ule uma ulio puani mwa ndege ni wa kazi gani.

#16 Binti_Mzizima

Kamanda, hapo kwa mwandishi wa habari umenigusa. Lakini bado haielezi katuni na keki.

#17 Mkenya_wa_Nyali

Niaje watu wangu. Nyote mnasahau Richard Stevens wa kikosi cha 151. Huyu alirusha Hurricane, kiti kimoja, hakuna rada, hakuna mtu wa nyuma. Aliangusha ndege 14 usiku kwa macho yake. Kabla ya vita alikuwa rubani wa ndege za biashara, amezoea usiku. Alikuwa anaruka kuelekea pale mizinga ya kutungulia ndege inapolipuka, kwa kuwa ndiko maadui waliko. Alifariki Desemba 1941 akiwa kazini.

Sasa Fundi atuambie rada ya Stevens ilikuwa wapi.

#18 Kipanga_wa_Pwani

Asante sana Mkenya! Nilijua sipo peke yangu.

#19 Fundi_Redio

Stevens ni mmoja. Wengine wangapi walipaa na Hurricane usiku wakarudi hawajaona kitu? Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Novemba 1940 mji wa Coventry ulichomwa, watu zaidi ya 500 wakafa, na mwezi ulikuwa unawaka. Ndege za kivita zilipaa kwa wingi usiku ule na hazikuzuia kitu. Macho yalikuwepo. Yaliyokosekana ni maelekezo.

#20 Mzee_Makaratasi

Hapo kwenye maelekezo Fundi amegusa jambo ambalo uzi mzima umelipita. Kulikuwa na mtu wa tatu, na alikuwa chini.

Tangu Januari 1941 Waingereza walifungua vituo vya rada vya ardhini vyenye kioo cha mviringo, mstari unazunguka, na mwongozaji anamwona rubani wake na adui kwa pamoja. Cha jirani na Middle Wallop kilikuwa Sopley. Mwongozaji alimpeleka Cunningham mpaka kilomita chache nyuma ya adui, ndipo Rawnsley akamdaka kwenye vioo vyake, ndipo Cunningham akamalizia kwa macho, mara nyingi akija kutokea chini na nyuma, ambako ndege ya adui inaonekana kama kivuli juu ya anga na moshi wa injini unang'aa kidogo. Mei 1941 Mfalme George VI alitembelea Middle Wallop, kisha Sopley, na usiku huo akatazama kwenye kioo Cunningham akimfuata na kumwangusha Heinkel 111.

Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, ndege zao za usiku ziliangusha ndege 3 Januari 1941, 22 Machi, 48 Aprili na 96 Mei. Karoti hazikuongezeka hivyo kati ya Januari na Mei. Macho ya watu nayo hayakubadilika.

#21 Mkenya_wa_Nyali

Mzee, hizo ni jumla ya marubani wote, na hao wasio na rada wamo humo humo. Tena Mei usiku ni mfupi na hali ya hewa ni nzuri kuliko Januari. Usizipe rada zote.

#22 Bahari_Hindi

Sasa hii imenishinda. Kama ni watu watatu, kwa nini nishani na jina ni la mmoja?

#23 Kamanda_Mstaafu

Rawnsley hakukosa. Alipata DSO, DFC, na DFM mara mbili. Lakini angalia mpangilio huo. Enzi hizo DFC ilikuwa ya maofisa, DFM ya vyeo vya chini. Wawili ndani ya ndege moja, hatari moja, usiku mmoja, wanapewa nishani tofauti kwa sababu ya cheo begani. Rawnsley alianza na cheo cha chini, ndiyo maana ana zote. Uingereza imekuja kufuta DFM mwaka 1993.

Yule wa Sopley aliyekaa ardhini hata hiyo hakuitarajia.

#24 Chuma_cha_Reli

Sisi wa reli tunalijua hilo. Dereva wa treni anapigwa picha, wa kubadilisha njia hajulikani hata anakaa nyumba gani.

#25 Mla_Vitabu

Kwa takwimu, mnawasifia bure. Mjerumani Heinz-Wolfgang Schnaufer aliangusha 121 usiku. 20 ni nini?

#26 Mzee_Makaratasi

Schnaufer alikuwa anakutana na mamia ya ndege za Uingereza usiku mmoja, juu ya Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, miaka mitatu mfululizo. Baada ya Mei 1941 Wajerumani walihamishia nguvu yao mashariki, kwa hiyo Cunningham angeweza kuruka usiku kucha asikute mtu. Lakini umenisaidia: Schnaufer naye alikuwa na mtu wake wa redio na rada, Fritz Rumpelhardt, na mpiga bunduki Wilhelm Gänsler. Wote watatu walivaa nishani ya juu ya Msalaba wa Knight. Wajerumani angalau waliwavika wote.

#27 Binti_Mzizima

Mkienda kwa Waingereza, jozi inayonivutia mimi ni Branse Burbridge na Bill Skelton wa kikosi hicho hicho cha 85. Ndege 21 wakiwa pamoja, nne kati yake usiku mmoja wa Novemba 1944. Burbridge vita vilipoanza alikataa kwenda jeshini kwa sababu ya imani yake, akabadili msimamo baada ya miezi kadhaa. Vita vilipoisha Skelton akawa kasisi, Burbridge akatumikia kanisa akiwa mlei. Hao nao mtasema ni karoti?

#28 Mkenya_wa_Nyali

Na Bob Braham, ndege 29. Mwenzake Gregory alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya dansi kabla ya vita! Mimi hapo ndipo naanza kuwaza kwamba kinachofanya kazi ni kusikilizana. Mpiga ngoma anajua kuhesabu mapigo, anajua lini aseme na lini anyamaze.

#29 Mjukuu_wa_Askari

Mkenya umenikumbusha babu. Alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, mwaka 1944. Alikuwa anasema doria za usiku msituni yule wa mbele hachaguliwi kwa macho. Anachaguliwa ambaye wenzake wanaitambua pumzi yake, kwamba hapa amesimama kwa sababu amesikia kitu, hapa amesimama kwa sababu amechoka. Cunningham na Rawnsley walikuwa pamoja tangu kabla ya vita. Nadhani sauti ya Rawnsley ikibadilika kidogo tu, Cunningham alijua alama iko karibu.

Babu hakupata nishani yoyote zaidi ya zile za kila mtu.

#30 Kamanda_Mstaafu

Heshima kwa babu yako, ndugu. Wale wa Kabaw walipita kwenye mvua za monsuni na malaria, na wengi hawajaandikwa popote.

#31 Bahari_Hindi

Weusi hawakuwamo kwenye hizo ndege?

#32 Mzee_Makaratasi

Walikuwamo, na mmoja alikuja kuishi kwetu. Ulric Cross, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mwongoza njia kwenye Mosquito ya kikosi cha 139. Hiyo ilikuwa ya mabomu, lakini kazi ni ile ile: watu wawili bega kwa bega gizani, mmoja anarusha, mwingine anajua mko wapi. Alikwenda safari 80 za vita, akapata DFC na DSO mwaka 1944. Baadaye akawa mwanasheria, na kuanzia 1967 mpaka 1971 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifariki 2013.

#33 Kipanga_wa_Pwani

Aisee! Jaji wa Dar es Salaam alikuwa kwenye Mosquito? Hilo linastahili uzi wake.

#34 Mla_Vitabu

Mkiwa kwenye mambo ya huku kwetu, Cunningham naye anatuhusu. Baada ya vita akawa rubani mkuu wa majaribio wa de Havilland, na tarehe 27 Julai 1949, siku aliyotimiza miaka 32, alirusha Comet kwa mara ya kwanza, ndege ya abiria ya kwanza duniani ya injini za jeti. Mei 1952 Comet ikaanza safari za abiria London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Baada ya ajali za 1954 ilisimamishwa ikatengenezwa upya, na miaka ya 60 East African Airways ilikuwa na Comet 4 tatu za kwetu wenyewe.

#35 Chuma_cha_Reli

Baba mdogo alikuwa anatusimulia mlio wa hizo Comet za Nairobi. Tulidhani anatupiga kamba.

#36 Nesi_wa_Ujiji

Turudi kwenye karoti kabla hamjafika mwezini. Kuna mama hapa mtaani anasoma uzi huu kwa simu ya mwanawe, ameniuliza kama aache kumpa mtoto karoti kwa kuwa ni propaganda ya vita. Asiache! Ampe karoti, viazi lishe, mchicha, embe, na tone la mafuta humo ili vitamini ifyonzwe. Kama mtoto haoni jioni, ampeleke kituo cha afya, asikae akisubiri karoti zifanye kazi.

#37 Fundi_Redio

Nesi nakubali. Mpeni mtoto karoti. Cunningham mpeni rada.

#38 Kipanga_wa_Pwani

Fundi, mita 120 za mwisho bado ni zangu.

#39 Dereva_wa_Usiku

Na mimi niko upande wa Rawnsley sasa. Nimekumbuka turnboi wangu. Kuna usiku wa mvua pale Mikumi aliniambia "bosi, tembo" kabla sijaona chochote. Naomba mwenye maelezo ya jinsi Rawnsley alivyojifunza kusoma vile vioo, na ilimchukua muda gani mpaka akaaminika, aweke hapa.